SENSA YA GARI: MSHUKIWA AU SHAHIDI?

Kabla sijaenda mbali, naomba tuelewane kuhusu neno moja. Ninaposema sensa hapa sina maana ya ile shughuli ya kuhesabu watu iliyofanywa nchini mwaka wa 2019. Nazungumza juu ya vidude vidogo vilivyopachikwa kwenye injini ya gari. Walimu wetu wa Kiswahili wangependa tuviite vihisi, lakini ukienda kwa mafundi wa jua kali mjini Kisii ukiomba kihisi, utaangaliwa kama mtu aliyepotea njia. Huko jina lake ni sensa, nami nitafuata hilo hilo.

Waama, hakuna asiyejua kwamba huku kwetu Kisii na Nyamira gari la Toyota Probox ni kama punda wa kijiji. Linabeba ndizi, linabeba maziwa, linabeba watu wa kwenda Keroka, na siku za msiba linabeba jeneza. Kwa kuwa linafanya kazi kila siku, wenye magari wengi wamezoea kulitengeneza wenyewe nyumbani siku ya Jumapili. Mtu anabadilisha kichungi cha hewa, anaosha injini, anabadilisha plagi. Anapomaliza, anawasha gari na kuona taa ya injini, ile ya rangi ya manjano, inamwangalia tu. Hapo majirani huanza: "Hiyo ni sensa imekufa! Nunua nyingine!"

Je, ni kweli sensa imekufa? Katika makala haya nitajaribu kueleza kwamba taa inapowaka mara tu baada ya mtu kutengeneza gari lake, mara nyingi sensa siyo mshukiwa. Ni shahidi anayetoa ripoti ya kitu kingine kilichoharibika, tena pengine kimeharibiwa na mkono wa mwenye gari mwenyewe.

ZAMANI NA SASA

Wazazi wetu walisafiri kwa magari ya kabureta kama vile Peugeot 504. Kabureta huchanganya petroli na hewa kwa kufuata mvuto wa hewa tu. Haijui kama gari liko Mombasa kando ya bahari au liko Kisii, mji ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hivyo fundi alichukua bisibisi akakaza au kulegeza skrubu huku akisikiliza mlio. Fundi wa siku hizo alitumia sikio na pua.

Magari tunayoletewa sasa kutoka Japani ni tofauti. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Basi karibu kila gari linaloshuka bandarini leo lina kompyuta yake ya injini. Hata Probox, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka wa 2002, tangu mwanzo ilikuwa na kompyuta. Kompyuta hiyo haina macho wala masikio, na hayo yote inayapata kutoka kwa sensa.

SENSA INAFANYA KAZI GANI?

Ili petroli iungue vizuri, kila kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Kazi ya kompyuta ni kupima petroli ilingane na hewa inayoingia, kisha kuamuru plagi itoe cheche wakati unaofaa. Kuna sensa kadha wa kadha zinazoisaidia.

Sensa ya hewa hukaa karibu na kichungi cha hewa. Ndani yake mna kijiwaya chembamba kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inakipoza, na kompyuta inalazimika kuongeza umeme ili kibaki na joto lile lile. Kwa kupima umeme huo inajua ni hewa kiasi gani imeingia. Huku kwetu mlimani hewa ikiwa nyepesi, sensa yenyewe inasema, hakuna haja ya bisibisi.

Sensa ya joto la maji ni kile tunachosoma katika Fizikia ya kidato cha tatu, yaani thamista. Joto likipanda, ukinzani wake unashuka. Kwa magari mengi ya Toyota, kwenye nyuzi 20 ukinzani ni kama ohm 2,000 hadi 3,000, na kwenye nyuzi 80 ni kama ohm 200 hadi 400 tu. Kwa hivyo wale wanaouliza ati Sheria ya Ohm itatusaidia nini maishani, jibu ndilo hilo!

Sensa ya krankishafti hukaa karibu na gurudumu lenye meno na kuyahesabu yanapopita. Hapo kompyuta inajua pistoni ziko wapi. Bila habari hii hakuna cheche, na gari linaweza kuzima likiwa njiani. Sensa ya kamshafti ni mwenzake, huangalia valvu. Mwisho, sensa ya oksijeni imepachikwa kwenye eksosi, nayo huonja moshi. Ile ya kawaida hutoa karibu volti 0.1 moshi ukiwa na oksijeni nyingi, na karibu volti 0.9 petroli ikizidi.

KODI NI SHTAKA, SI HUKUMU

Kompyuta ikiona jambo lisilo la kawaida huwasha taa na kuandika namba katika kumbukumbu yake. Namba hiyo mafundi huiita kodi (si ile ya nyumba wala ya serikali). Kodi husomwa kwa mashine inayochomekwa kwenye soketi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani. Marekani ililazimisha mtindo huo kwa magari madogo yote mapya kuanzia mwaka wa 1996, na nchi za Ulaya zikafuata kwa magari ya petroli mwaka wa 2001. Magari ya zamani kidogo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na soketi ya namna hiyo, lakini mengine hayaelewani na mashine za bei rahisi. Kwa hivyo mashine ikinyamaza usikimbilie kusema kompyuta imekufa pia.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kodi haisemi "nunua kitu hiki". Kodi husema "nimeona jambo hili". Tuchukue P0118. Maana yake ni kwamba volti za njia ya sensa ya joto la maji ziko juu mno. Kompyuta hupeleka volti 5 kwenye sensa hiyo. Soketi ikiwa imechomoka, umeme haupiti, volti zinabaki juu, na kompyuta inasoma kwamba maji yana baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Jamani, hata kwenye kilele cha Mlima Kenya hakuna baridi kama hiyo! Sensa ni nzima, ila hakuna aliyeichomeka.

Au tuchukue P0171. Kodi hii husema kwamba hewa imezidi petroli. Haitaji sensa yoyote. Lakini mtu akisikia "hewa" anakimbilia kununua sensa ya hewa, kumbe hewa inaingilia mpira uliopasuka, au pampu ya petroli imechoka.

Pia ni vizuri kutazama kodi zinazokuja mbili mbili. Katika injini nyingi za Toyota, sensa ya hewa na sensa ya joto la hewa zimejengwa pamoja na zinatumia soketi moja. Ukiona kodi ya hewa P0102 na kodi ya joto la hewa P0113 zimeandikwa siku moja, jiulize: je, sensa mbili zinaweza kufa kwa dakika moja kama mapacha? Yaelekea zaidi kwamba soketi yao imechomoka au waya umekatika.

MKONO ULIPITA WAPI?

Daktari akikupokea hospitalini swali lake la kwanza ni, "Ulikula nini jana?" Fundi mzuri naye huuliza, "Mara ya mwisho mkono ulishika wapi?" Kila kazi ya nyumbani ina makosa yake ya kawaida, na kila kosa hutoa ushahidi wake.

Mtu aliyebadilisha kichungi cha hewa huwa amechomoa soketi ya sensa ya hewa ili afungue kifuniko. Akisahau kuirudisha, au akiirudisha bila kusikia ule mlio wa "ta!", taa itawaka. Wengine hulegeza mpira mkubwa wa hewa ulio baada ya sensa na kuufunga vibaya. Hewa inayoingilia hapo haikupimwa, kwa hivyo kompyuta inatoa petroli kidogo kuliko inavyotakiwa.

Aliyeosha injini naye ana mambo yake. Huku kwetu mvua hainyimi mtu, na matope ya barabara za mashambani hujaa mpaka kwenye boneti. Mtu anachukua mpira wa maji wa nguvu na kupiga injini yote. Maji yanaingia kwenye soketi na kwenye matundu ya plagi. Injini inaanza kukohoa, kodi P0300 inaandikwa, maana yake moto haushiki vizuri katika silinda. Mara nyingine dawa ya ugonjwa huu ni kukausha tu.

Aliyebadilisha maji ya rejeta bila kutoa hewa iliyobaki ndani anaweza kuacha povu la hewa mahali sensa ya joto inapokaa. Sensa inapima hewa badala ya maji, na mshale unapanda na kushuka kama mtu mwenye malaria. Hapa usilaumu sensa, tena usiendelee na safari, maana injini inaweza kuungua kweli.

Aliyechomelea eksosi anaweza kuwa ameunguza waya wa sensa ya oksijeni, au ameacha tundu dogo kabla ya sensa hiyo. Hewa ya nje inavutwa ndani, sensa inaonja oksijeni ya nje na kuripoti kwamba petroli ni kidogo. Imesema kweli kuhusu ilichoonja. Na anayechomelea bila kufungua waya wa betri anaihatarisha kompyuta yenyewe.

Mwisho ni yule jasiri aliyefungua cheni ya injini. Akirudisha cheni ikiwa imeruka jino moja, kodi P0016 inaweza kuandikwa, yaani krankishafti na kamshafti hazikubaliani. Akinunua sensa mbili mpya bado hazitakubaliana, kwa sababu zinasema kweli.

KISA CHA PROBOX YA BABA MDOGO

Ili nisionekane kama ninayehubiri hewani, nitatoa mfano wa karibu. Baba mdogo ana Probox ambayo hutoa ndizi Nyamira na kuzipeleka soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Gari hilo ndilo linalolipa karo ya binamu zangu wawili. Jumapili moja kabla ya shule kufunguliwa, alibadilisha kichungi na kusafisha mlango wa hewa, kile kisahani kinachofunguka ukikanyaga petroli. Asubuhi yake taa ikawaka. Cha ajabu, likipanda mlima gari lilikwenda vizuri, lakini likisimama linatetemeka na kuzima.

Kodi ilisomwa: P0171. Mwenye duka moja la spea alimwambia bila hata kufungua boneti kwamba sensa ya hewa imekwisha. Pesa zilizokuwa zimewekewa karo zikanunua sensa. Ikafungwa. Taa ikazimwa. Siku ya pili ikawaka tena, na lile tetemeko halikuwa limeondoka hata kidogo. Ndizi zikaivia uani, na binamu zangu wakabaki nyumbani wiki nzima wenzao wakisoma.

Ndipo akaitwa mzee mmoja fundi kutoka upande wa Keroka. Hakuja na mashine yoyote. Aliuliza tu, "Kijana wangu, siku ile ulipitisha mkono wapi?" Baba mdogo akamwonyesha. Mzee akachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaiweka sikioni, ncha nyingine akaizungusha nyuma ya injini ikiwa inanguruma. Akasimama mahali pamoja akatabasamu. "Hapa panapuliza filimbi." Kulikuwa na kijipaipu kidogo cha mpira ambacho kilikuwa kimekauka kwa uzee, kikapasuka upande wa chini kilipovutwa. Hewa ilikuwa ikiingilia hapo, nyuma ya mlango wa hewa, bila kupimwa.

Kumbe dalili zilikuwa wazi tangu mwanzo. Injini ikipumzika inavuta hewa kidogo sana, kwa hivyo hewa ya wizi inaharibu mchanganyiko wote. Ikipanda mlima inavuta hewa nyingi, na ile ya wizi inakuwa kama tone katika ndoo. Sensa ya hewa ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Ilirudishwa, na mpaka leo inafanya kazi.

HATUA ZA UCHUNGUZI

Kwa wale watakaopatwa na jambo hili, au ambao wazazi wao watapatwa, hizi ndizo hatua za kufuata.

Kwanza, andika kwenye karatasi kila kitu kilichoguswa, hata kama ni klipu moja.

Pili, soma kodi na uziandike kabla ya kuzifuta. Usikubali mtu afungue waya wa betri ati taa izime. Kufanya hivyo ni kufuta ubao kabla mwalimu hajasoma jibu. Isitoshe, kompyuta husahau mambo iliyojifunza, na injini inaweza kunguruma ovyo kwa muda.

Tatu, zima gari, liache lipoe, kisha tumia macho na vidole. Kagua soketi moja moja: je, imeingia mpaka mwisho? Je, kuna pini iliyopinda, maji au kutu ya kijani? Kagua mipira, fyuzi na ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Kazi hii haigharimu hata senti.

Nne, pima kwa multimita. Sensa ya joto la maji ipime ukinzani ikiwa imechomolewa, halafu ulinganishe na namba nilizotaja. Kwenye soketi yake, swichi ikiwa imefunguliwa bila kupiga stata, utafute karibu volti 5. Volti zisipokuwepo, tatizo liko kwenye waya, fyuzi au kompyuta. Zikiwepo, na ukinzani haubadiliki injini ikipata joto, sasa una haki ya kusema sensa ni mbovu.

Tano, kabla ya kununua, omba kuazima sensa nzima ya gari la aina ile ile ujaribu. Ugonjwa ukihama, umepata jibu. Usipohama, umeokoa maelfu ya shilingi.

Sita, ukishatengeneza, futa kodi kisha uendeshe gari. Lijaribu likiwa limesimama, likipanda mlima na likiteremka. Taa isiporudi, ndipo useme umepona.

Nisieleweke kwamba sensa hazifi. Hufa sana tu. Joto, mtikisiko, maji na miaka mingi huzimaliza. Sensa ya krankishafti, kwa mfano, huweza kufanya kazi ikiwa baridi na kukataa ikipata moto, na gari likazimika katikati ya mlima wa Manga likiwa limejaa abiria. Lakini kifo chake kithibitishwe kwanza. Hakuna anayezika mtu kwa sababu ya uvumi.

NENO LA MWISHO

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, kuna jambo moja linalofanya ugonjwa huu uwe ghali kuliko unavyopaswa, nalo ni aibu. Mtu akishaharibu kitu nyumbani, anampelekea fundi gari na kusema, "Sijui, lilianza tu lenyewe." Fundi anaanza kutafuta toka mwanzo, na kila saa inalipiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie fundi kweli: nilifungua hapa, nikavuta pale. Hakuna ubaya wowote katika kujitengenezea gari. Ubaya ni kuficha ulipopita.

Na ninyi mnaoona Fizikia kuwa somo la kukariri, jueni kwamba fundi wa kesho katika karakana zetu hatatosheka na sikio na pua. Atahitaji sikio la yule mzee wa Keroka na multimita pamoja na Sheria ya Ohm. Hapo mjini Kisii tunayo Kisii National Polytechnic, ambayo zamani wazazi wetu waliijua kwa jina la Gusii Institute of Technology. Nafasi za kujifunza ziko karibu na nyumbani.

Basi siku ile taa ya manjano itakapowaka kwenye gari la baba, la mjomba au la mwalimu wetu mmoja ambaye sitamtaja, usiwe wa kwanza kupiga kelele kwamba sensa imekufa. Muulize shahidi ameona nini, kisha ufuate nyayo za mkono. Kazi kwenu!